Kibo na Mawenzi katika Picha za Wasafiri

Mwalimu atakaye kuwafunza wanafunzi wake kusoma picha kama wasomavyo kitabu, na aanze na picha ya Mlima Kilimanjaro iliyomo katika kalenda. Awaulize: Mawenzi iko mkono gani? Ikiwa kilele kile chenye meno kiko kulia kwa Kibo, mpiga picha alisimama kusini, upande wa Moshi, akaelekeza uso kaskazini. Ikiwa kiko kushoto, alisimama kaskazini, na aghalabu huwa ni katika mbuga ya Amboseli nchini Kenya, mahali ambapo tembo hupita katika uwanda mtupu na mlima ukasimama nyuma yao. Nimefanya kazi katika ofisi za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki ni mara ngapi nimeketi chini ya kalenda ya Kitanzania yenye picha iliyopigwa ng'ambo ya mpaka. Sisemi haya kwa kumwonea jirani kijicho. Nayasema kwa sababu picha pana ya nchi ni hati kama hati nyingine. Ina mwenyewe, ina mahali ilipotoka, ina wakati wake, na ina mambo iliyoyaacha nje.

Mimi ni mtu wa Mwika, mashariki ya Uchagga, penye njia iendayo Rombo. Kwetu Mawenzi huonekana karibu kuliko Kibo, nayo Kibo hujitokeza nyuma, mkono wa kushoto, kama mzee aliyeketi ndani ya nyumba akamwacha mdogo wake mlangoni. Wazee husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, akawa kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja Kibo akachoka, akatwaa mchi na kumpiga hata akabaki na makovu tunayoyaona mpaka leo. Kabla kamera haijafika katika nchi yetu, hadithi hiyo ndiyo iliyoviweka vilele vyote viwili pamoja mbele ya macho ya mtoto.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa nchini Ufaransa mwaka 1839. Miaka tisa baadaye, tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann alikiona kilele cheupe akiwa safarini kutoka pwani. Kiongozi wake Mswahili aliuita weupe ule "baridi", na Rebmann akafahamu kuwa ni theluji. Habari ilipofika London, mwanajiografia mmoja aitwaye Desborough Cooley, ambaye hakuwa ameitia mguu nchi hii, aliikanusha kwa maandishi. Hakukubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi ule uliendelea kwa miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mpaka kimo kinachozidi mita 4,000, wakapata theluji, lakini walirudi na vipimo na michoro, na mchoro waweza kushukiwa kuwa umetoka kichwani mwa mchoraji. Wachagga walioishi chini ya barafu ile hawakuwa na haja ya kuthibitishiwa. Ila hakuna aliyewauliza.

Hapana budi hapa tushuke mpaka pwani, kwa kuwa misafara mingi ya bara ilianzia huko, na kamera nazo zilipitia huko. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Baada yake wakaja wapiga picha waliokaa na kufungua maduka, kama vile A. C. Gomes na J. B. Coutinho, ambao picha zao za mji zilinunuliwa na wasafiri waliokuwa wakishuka na kupanda meli. Mandhari waliyoipenda ni mji kama uonekanavyo kutoka baharini, yaani majumba meupe yamejipanga, bendera ya Sultani, na majahazi mbele. Mstari ule wa majumba ni mrefu, kioo kimoja hakiutoshi. Dawa yake ilikuwa kuiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, kupiga upande mmoja, kuigeuza kidogo, kupiga tena, halafu kuziunganisha picha mbili au tatu kwa gundi ili ziwe moja. Huo ndio ufundi wa panorama, na simu ya mkononi ya mwanafunzi wa leo huufanya kwa nafsi yake, pasipo gundi.

Thamani ya picha zile wapigaji wenyewe hawakuijua. Zile zilizopigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896 zinaonyesha mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Siku hiyo manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga. Mnara ukaharibika, na jumba lilipotengenezwa likapewa mnara mpya mbele yake. Mnara huo nao, pamoja na sehemu ya jumba, ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Anayetaka kujua Forodhani ilikuwaje katika nyakati hizi tatu, na azipange picha mezani kwa tarehe zake. Muuza picha alikuwa akiuza ukumbusho wa safari, naye kumbe alikuwa akiandika historia.

Turudi mlimani. Sahani za kioo zenye dawa kavu zilipoenea, miaka ya 1870 na 1880, msafiri aliweza kupiga picha mbali na chumba cha giza na kuzisafisha baadaye. Lakini kioo ni kioo. Ni kizito, huvunjika, na hakijiendi chenyewe. Kilipanda mlima juu ya vichwa vya wapagazi wa Unguja na Pangani, katika mizigo ya kilo 30 hivi, pamoja na mchele, mahema na ushanga. Hans Meyer, mtoto wa ukoo wenye nyumba ya kuchapisha vitabu mjini Leipzig, alikuja mara ya kwanza mwaka 1887, akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye picha 40 za safari ile. Mwaka huo huo wa 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, lakini pwani ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri bin Salim. Walikamatwa, mizigo yao ikatekwa, wakaachiliwa kwa fidia. Mara ya tatu, tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake. Katika kambi ya juu alikaa nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, katika baridi ambayo wenziwe hawakuivumilia. Jina lake limo katika kitabu cha Meyer. Katika ramani halimo.

Ningependa wanafunzi watazame mwaka 1900. Mwaka huo Meyer alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu Kilimanjaro, chenye mandhari za barafu, mabonde na vilele. Mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi ya Kale, pamoja na viongozi wenzake wa Uchagga na wa nchi za jirani. Mlima ni mmoja. Sisemi kwamba Meyer ndiye aliyefunga kamba, wala kwamba kamera ndiyo iliyoiteka nchi. Lakini picha ya nchi kubwa, nzuri, yenye rutuba, ambayo ndani yake mwenye nchi haonekani au huonekana mdogo kama sisimizi pembezoni, ilimwambia mtazamaji wa Ulaya jambo fulani bila kutamka neno. Ilimwambia kwamba hapa pana nafasi.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na safari iliyokuwa ya majuma ikawa ya siku chache. Wapiga picha wakaongezeka. Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam, alizunguka koloni lote, na picha zake nyingi zimo leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Wamishonari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, walikuwa na kamera zao vilevile, nao wana sifa moja ninayowapa bila choyo: walikaa. Mtu anayekaa hupiga picha za shule, za sokoni, za harusi, za kina mama wakichota maji. Mtu anayepita hupiga mlima.

Kazi iliyo bora kuliko zote za enzi ile, kwa maoni yangu, haikutafuta uzuri hata kidogo. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler, ambao ndio waliofika kwanza kilele cha Mawenzi mwaka huo, walizunguka sehemu za juu za mlima na kamera ya kupimia. Kamera hiyo ilifungwa pamoja na chombo cha kupima pembe. Mahali pamoja palipigwa kutoka vituo viwili, na kwa kulinganisha picha mbili hizo Klute aliweza kuchora ramani ya miteremko na barafu. Miaka kumi na minane baadaye, Januari 1930, rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer aliruka kwa ndege juu ya Kibo na kupiga picha kutoka angani. Hapo ndipo watu wasioweza kupanda walipoliona shimo la kilele kwa ukamilifu wake, limezungukwa na barafu, na ndani yake shimo jingine la duara. Picha hizo zimehifadhiwa Zürich.

Sasa niseme kidogo juu ya lenzi, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba lenzi pana huonyesha mambo makubwa kwa ukubwa zaidi. Sivyo. Lenzi pana huingiza mengi kwa kuyapunguza. Chukua mfano wa Moshi mjini. Kutoka mjini hadi Kilele cha Uhuru, chenye kimo cha mita 5,895, ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na kilele kiko juu ya mji kwa mita zipatazo 5,000. Kwa kamera ya filamu ya kawaida, ambayo picha yake ina kimo cha milimita 24, lenzi ya milimita 50 huuchora mlima kwa kimo cha milimita 8 hivi, yaani thuluthi ya picha. Badili uweke lenzi pana ya milimita 28, na mlima hushuka hata milimita zisizofika 5. Mnara wa saa, lori, na mtu aliye hatua tatu mbele yako hujaa picha. Mlima uliokuleta toka nchi za mbali huwa kichuguu juu ya mabati. Ukiinua kamera ili kuokoa kilele, majengo yote huinama nyuma kama yaliyolewa mbege. Ndiyo maana mpiga picha hodari akitumia lenzi pana hutafuta kwanza kitu cha kuweka karibu, chenye haki ya kuwa kikubwa.

Na hapo ndipo penye kasoro ya picha nyingi za Uchagga zilizopigwa toka uwandani. Ukisimama chini, upande wa Himo, ukatazama juu, utaona mkanda wa kijani uliokolea katikati ya mlima, na wageni wengi huuita msitu. Msitu uko juu zaidi. Sehemu kubwa ya ule mkanda ni vihamba. Ni migomba, na kahawa chini ya migomba, na miti mikubwa juu yake, na nyumba, na makaburi ya babu zetu, na mipaka ya masale, na mifongo iliyochimbwa kwa mikono kuleta maji kutoka mabondeni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 1,600,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na wengi wao makwao ni katika rangi ile ya kijani. Hakuna lenzi, hata iwe pana namna gani, inayoweza kuwaonyesha kutoka chini. Pana ya uwanda si pana ya maisha.

Nakumbuka mwaka mmoja nikiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, gari la wageni lilisimama karibu na shule yetu. Asubuhi ilikuwa safi, mawingu hayajapanda. Mgeni mmoja akashuka na kamera, nasi tukakimbia kujipanga mbele yake, mashati yametiwa ndani ya kaptula, tayari kwa picha. Yule bwana alitabasamu, akatuashiria kwa mkono: sogeeni. Tukasogea. Akaashiria tena. Tukasogea mpaka tukawa nje kabisa, ndipo akapiga Mawenzi. Tulicheka, hatukuona vibaya. Lakini nisijifanye mwema. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa utamaduni, nilitumwa kupiga picha za mlima kwa ajili ya maonyesho, na mama mmoja akaja njiani na mkungu wa ndizi kichwani, akipita mbele ya lenzi yangu. Nikamwomba asubiri. Alisubiri na mzigo wake kichwani mpaka nilipomaliza. Picha ilitoka nzuri, ikasifiwa, na kila niionapo namtafuta yule mama ndani yake.

Kuna jambo jingine nililolichunguza katika nyumba za Mwika. Katika sanduku la picha za ukoo utaona babu ameketi kwenye kiti, bibi kasimama, kipaimara, harusi, kijana aliyemaliza darasa la saba, wote wamepigwa katika studio ya mjini mbele ya pazia lililochorwa maua au ngazi za jumba la kifahari. Mlima haumo. Haukuwa na sababu ya kuwamo; nani hutoa fedha yake ili apigiwe picha kitu kinachomtazama kila asubuhi? Kwa hiyo zimebaki hazina mbili zisizojuana. Huko ng'ambo kuna mlima usio na watu, na huku kwenye masanduku kuna watu wasio na mlima. Mwanahistoria wa Uchagga anahitaji zote mbili, na ile ya pili inaliwa na mchwa.

Nayo ile ya kwanza imepata kazi mpya ambayo Klute na wenzake hawakuiota. Katika ramani ya mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Vipimo vya mwaka 2011 vilikuta pungufu ya 2. Wataalamu bado wanapima uzito wa kila sababu, kati ya ukame wa angani ulioanza zamani na joto la dunia la nyakati zetu, lakini kupungua kwenyewe hakuna anayekubishia, kwa kuwa picha zipo. Mwanafunzi wa Mwika aweza leo kuzitazama nyingi kwa njia ya intaneti, zile za Zürich na za wamishonari kadhalika. Zinakuja na jina la mpiga picha na jina la kilele. Majina ya watu waliosimama ndani yake mara nyingi hayakuandikwa, na hao wanaoweza kuwatambua kwa sura au kwa kihamba ni wazee wetu, ambao hawangoji.

Mwaka jana nilichapisha karatasini nakala ya picha moja ya zamani ya Mawenzi, nikaenda nayo nyumbani, nikaanza kutafuta mahali mpigaji aliposimama. Mstari wa kilele ulinisaidia, kwani mawe hayahami. Nilizunguka siku mbili, nikisogea kushoto, nikipanda, nikishuka, mpaka meno ya mlima yakakubaliana na meno ya karatasi. Palikuwa katika kihamba cha watu. Bibi mwenye nyumba akatoka, nikamwamkia, akaniuliza natafuta nini, nikampa karatasi. Hakuutazama mlima. Alishuka moja kwa moja kwa kidole mpaka chini ya picha, penye mstari mwembamba ambao mimi niliudhania njia ya miguu.

"Hii si njia, mwanangu," akasema. "Huu ni mfongo wetu. Mkwe wangu alikuwa na zamu yake ya maji hapa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha. Mfereji ulikuwapo, umejaa majani ya migomba, na kuta zake zilikuwa bado zimenyooka. Mara ya mwisho maji kupita, alisema, binti yake wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilitoa kalamu, nikaandika nyuma ya karatasi jina la mfongo, na jina la mkwe wake kama alivyonitajia.